Mwenzako Anapoamka Usiku

Katika baridi ya Nakuru si raha kuamka mara tatu au nne usiku kwenda haja ndogo, hasa choo kikiwa nje. Mume huona haya kulisema. Mke naye hukosa usingizi, hununa, na mwisho huhamia chumba cha watoto. Hivyo ndivyo ukimya unavyoingia nyumbani.

Tusilaumiane kabla ya kujua sababu. Mwanamume akipita miaka 50, tezi dume huweza kukua na kubana njia ya mkojo. Mkojo hutoka kidogo kidogo, na kibofu hakiishi. Mara nyingi si saratani, lakini daktari ndiye wa kuhakikisha. Mkojo ukiwa mwingi, tena na kiu, huenda ni kisukari. Utafiti uliofanywa Nakuru mwaka 2007 na 2008 ulionyesha kwamba karibu mtu 1 kati ya 15 wenye miaka 50 na zaidi alikuwa nacho. Mkojo ukichoma, pimeni maambukizo; wanawake huyapata zaidi.

Punguzeni chai ya jioni, lakini msiache kunywa maji mchana. Dawa za presha msibadilishe saa bila kumwuliza daktari.

Siku ya arusi mliahidi kutoachana katika ugonjwa. Basi nendeni hospitali pamoja.

Jadilianeni leo: Kuna jambo gani la mwili wangu ambalo nimekuficha, na kwa nini niliogopa kukuambia?