Kompyuta Inaujuaje Mlango wa Kutokea?

Kamati nyingi hutuuliza kwa nini kompyuta moja ya ofisi inapata intaneti na ya jirani yake haipati, ilhali zote zimeunganishwa kwenye swichi ileile. Kabla ya kununua kompyuta nyingine, ni vema tuelewe jinsi kazi hii inavyofanyika.

Kompyuta inapotuma ujumbe, kwanza hutazama anwani unakokwenda. Kama ni ndani ya mtandao wa ofisi, kwa mfano kwenye printa, huupeleka moja kwa moja. Kama ni nje, huukabidhi kwa ruta, ambayo ndiyo mlango wa kutokea. Ndiyo maana printa huweza kuendelea kuchapa hata intaneti inapokatika.

Kompyuta huujua mlango huo kwa njia tatu:

1. Kuandikiwa. Fundi huandika anwani ya ruta katika kila kompyuta. Anwani hiyo ikibadilika, lazima zote zirekebishwe.

2. Kuuliza. Kwa utaratibu uitwao DHCP, uliotangazwa mwaka 1993, kompyuta ikiwashwa huuliza mtandao mzima. Kifaa chenye jukumu hilo, mara nyingi ruta yenyewe, huipa anwani yake na kuitajia anwani ya ruta.

3. Kutangaziwa. Katika mfumo mpya wa anwani, IPv6, ruta hujitangaza yenyewe kila baada ya muda.

Matatizo huanza pale kifaa cha pili, kilichonunuliwa kuongeza Wi-Fi, nacho kinapojibu. Kwa kawaida kompyuta hukubali jibu la kwanza. Likitoka kwa kifaa kisicho na intaneti, kompyuta hukosa njia ingawa ni nzima.

Kwa hiyo tunashauri yafuatayo:

- Kwenye kompyuta ya Windows, fungueni dirisha la amri na kuandika ipconfig. Anwani ikianza na 169.254, hakuna kifaa kilichojibu. Kagueni waya na ruta.
- Kompyuta mbili zikionyesha ruta tofauti, zimeni DHCP kwenye kifaa cha pili, na anwani yake isifanane na ya ruta kuu.
- Andikeni anwani ya ruta kuu kwenye daftari la vifaa.

Kwa wafadhili wetu, tunaomba kila msaada wa vifaa uambatane na mafunzo kwa mtu mmoja wa ofisi husika. Akijua kukagua mambo haya machache, fedha ya mradi haitatumika kubadilisha kompyuta zisizo na kasoro.