Jina Lako Ni Nani?

Andiko: Mwanzo 27:15–27; 32:22–31; 33:4



Kila Jumapili tukisalimiana pale mlangoni, jibu ni lile lile: "Niko sawa, nimebarikiwa." Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine anayejibu hivyo amefungiwa nyumba kwa sababu ya kodi, ama hajaongea na mkewe wiki mbili. Leo tuangalie kinachompata mtu anapoficha vile alivyo.

Yakobo aliingia kwa baba yake akiwa amevaa nguo za Esau, na ngozi za mbuzi mikononi na shingoni. Mzee Isaka, ambaye alikuwa haoni tena, akamuuliza yeye ni nani. Yakobo akajibu kwamba ni Esau.

1. Upendo unaopewa ukiwa umejificha haukufikii

Isaka alimwambia ambusu, akanusa zile nguo, akambariki. Lakini moyoni mwa mzee, aliyekuwa anambusu ni Esau. Yakobo alisimama pale akipokea baraka ya mtu mwingine. Ni kama cheki iliyoandikwa jina lisilo lako: unaishika mkononi, lakini huwezi kuiweka kwenye akaunti yako. Ndiyo maana mtu anaweza kusifiwa na kanisa zima na bado alale mpweke.

2. Kujificha ni mkopo wenye riba

Yakobo alikimbia nyumbani, akakaa kwa Labani miaka 20. Huko naye akadanganywa: alimtaka Raheli, akaamka asubuhi akapata ni Lea. Mama yake alimwambia ni siku chache tu, lakini Biblia haituelezi popote kwamba walionana tena.

Hii riba naijua. Kabla niingie kwa huduma, duka langu la sare za shule lilifungwa. Mimi ndiye nilikuwa na digrii ya biashara, na watu walikuwa wananiuliza jinsi ya kuweka akiba. Nikaona aibu. Miezi minne nilitoka nyumbani kila asubuhi na begi langu kama kawaida, nikikopa kwa simu hii nilipe ile. Mke wangu alikuja kujua kupitia ujumbe wa mkopeshaji, si kwa mdomo wangu. Alilia, na hakulilia pesa. Aliniuliza, "Baba watoto, kwani nimekuwa nikiishi na nani?"

Madeni tulilipa polepole. Swali hilo lilichukua muda mrefu zaidi.

3. Mungu huuliza jina ndipo abariki

Pale kivuko cha Yaboki, Yakobo alishindana mpaka alfajiri. Alipoomba baraka, aliulizwa jina lake. Hakuulizwa kwa sababu halijulikani. Ni kama lile swali la baba yake limerudi baada ya miaka mingi, na safari hii hakuna ngozi ya mbuzi. Akasema: Yakobo. Jina ambalo Esau alikuwa amelitaja kwa uchungu kama jina la mdanganyifu. Kulitamka kulikuwa kukiri. Hapo ndipo akapewa jina jipya, Israeli.

Aliondoka akichechemea, ndiyo. Lakini ndugu aliyemwogopa miaka hiyo yote alimkimbilia, akamkumbatia na kumbusu. Busu hilo lilikuwa lake mwenyewe.

Tufanye nini?

Sisemi usimame madhabahuni useme mambo yako yote. Yakobo alikuwa peke yake usiku ule. Anza na Mungu, mwambie bila kupamba. Kisha, kama Yakobo 5:16 inavyotufundisha, tafuta mwamini mmoja aliyekomaa, mwenye mdomo uliofungwa. Na kama wewe ndiye unayeambiwa, usishtuke na usihubiri. Siri ya ndugu yako isigeuke ombi kwenye grupu ya WhatsApp. Watu hujificha mahali walipoona wengine wakiaibishwa.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

• Ni ngozi gani ya mbuzi nimevaa ili nikubalike?
• Ni nani anayenijua vile nilivyo?

Tuombe: Baba, unanijua na bado unaniuliza jina. Nipe ujasiri wa kulitaja. Nibariki mimi, si yule ninayejifanya kuwa. Katika jina la Yesu, Amina.