Mtoto Asiyegeuka Anapoitwa: Wajibu wa Mzazi na Mwalimu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, somo la Ijumaa hii linahusu watoto wanaosemwa kwa kunong'ona, hapa Kapata na katika vijiji vinavyotuzunguka. Mtoto ametimiza miaka mitatu na hatamki neno. Ukimwita jina hageuki, ingawa mlio wa pikipiki anausikia kutoka mbali. Hakutazami usoni. Anazungusha kifuniko cha chupa asubuhi nzima, na ukibadilisha njia ya kwenda sokoni analia mpaka anajipiga kichwa. Hali hii huitwa usonji. Waganga wa hospitali kwetu huiita otizimu.

USONJI SI UCHAWI

Mwaka 1943 mganga Leo Kanner, huko Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii. Baada yake walitokea wataalamu waliowalaumu akina mama, wakidai kwamba ubaridi wao ndio uliomharibu mtoto. Dai hilo lilichunguzwa likaonekana ni batili. Mtoto wa usonji huzaliwa na ubongo unaokua kwa njia yake, na sehemu kubwa ya sababu ni ya urithi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na hali hii. Basi haikosekani kwetu.

Lakini kwetu lawama bado ipo, tena ni nzito zaidi. Mtoto anaitwa mchawi, mama anaambiwa amelaaniwa, baba anaihama nyumba. Ndugu yangu, jua kwamba Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inamwadhibu anayemshtaki mtoto kwa uchawi kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 3. Na mbele ya Mwenyezi Mungu, kumsingizia asiyeweza kujitetea ni dhuluma.

Kumsomea mtoto dua ni jambo jema. Kumfunga kamba, kumnyima bukari au kumchapa ili "kitu kitoke" si dua. Mpeleke kituo cha afya: apimwe masikio, na aulizwe habari ya kifafa, kwa sababu watoto wengi wa usonji wana kifafa pia, na kifafa kina dawa.

KAZI YA MZAZI

Mtaalamu yuko mbali, na nauli ni ghali. Je, tukae tu? Hapana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mafunzo kwa wazazi wa watoto wa namna hii: vikao 9 vya pamoja na kutembelewa nyumbani mara 3. Yalijaribiwa hata vijijini Ethiopia. Msingi wake ni kwamba anayekaa na mtoto kila siku ndiye anayeweza kumfundisha kila siku. Shika haya:

1. Chuchumaa mpaka uso wako ulingane na wake. Taja jina lake kwanza, ndipo useme neno moja au mawili: "Leta kikombe." Kisha ngoja.

2. Ingia katika mchezo wake. Akizungusha kifuniko, zungusha nawe, ukitaja: "Kinazunguka."

3. Fanya mambo kwa mpango uleule: kuoga, kula, kulala. Kukiwa na mabadiliko, mwonyeshe mapema.

4. Gawa kazi vipandevipande. Leo avue viatu tu, msifu. Kesho aviweke mahali pake.

5. Akilia sana, tazama kilichotangulia: kelele, njaa, au nguo inayomkwaruza. Ondoa hicho kwanza.

6. Mlinde. Watoto hawa hutoroka na wengi hawaijui hatari. Kwetu kuna mashimo ya machimbo, maji yaliyotuama na malori. Majirani wote wamjue mtoto huyo na nyumba yake.

KAZI YA MWALIMU

Tangu elimu ya msingi ya serikali ilipofanywa ya bure mwaka 2019, madarasa yamejaa. Mwalimu, tunaujua mzigo wako. Lakini kumweka mtoto huyu mbele, mbali na mlango, hakuhitaji franga. Mpe rafiki mmoja wa kukaa naye. Toa amri moja kwa wakati, na uichore ubaoni. Kelele zikimzidi, mruhusu atoke kidogo na mtu wa kumwangalia.

Walimu wa Kurani nao wasikie: mtoto asiyeweza kuzungumza nawe pengine anahifadhi vizuri kwa sikio. Weka fimbo chini, umsikilize.

La muhimu kuliko yote, mzazi na mwalimu waseme neno moja. Neno la "kaa" nyumbani liwe lilelile la "kaa" shuleni. Wawe na kaye ndogo ya kupeana habari. Ikiwa mama hajasoma, mwalimu achore, au dada yake mtoto apeleke ujumbe.

KAZI YA JAMAA

Mtume (S.A.W.) alipokuwa akisalisha na kusikia mtoto analia, aliifupisha sala kwa kumhurumia mama. Basi sisi tunapata wapi ruhusa ya kumkodolea macho mama ambaye mwanawe amepiga kelele msikitini? Na katika Sura ya 80, Mwenyezi Mungu alimwonya Mtume wake kwa kumkunjia uso kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum. Kipofu huyo baadaye akawa mwadhini wa Madina.

Wiki hii, ndugu msomaji, itembelee nyumba moja yenye mtoto kama huyu. Kaa naye saa moja, ili mama yake apate kwenda sokoni au kulala. Hiyo ni sadaka.

Mwenyezi Mungu awape wazazi hawa subira, na sisi atupe huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq.