SOMO LA LEO: Kabla hujakopa ili ulipe deni, soma hapa

Leo tuongee madeni, maana najua wengi humu tunafungua duka asubuhi huku tunawaza rejesho la jioni.

Mwaka juzi nilichukua mkopo wa kausha damu. Nilipewa 300,000, narudisha 13,000 kila siku kwa siku 30. Piga hesabu: 390,000. Riba 90,000 kwa mwezi mmoja! Baadaye ndio nikajua Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni kikomo cha riba, asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 300,000 hiyo ni 10,500 tu.

Siku ya kumi nikakwama. Nikamfuata mama mweka hazina wa kikoba chetu anikopeshe nilipe.

"Shikamoo mama, naomba uniokoe."

"Marahaba mwanangu. Jumla unadaiwa shilingi ngapi?"

Nikanyamaza. Kiukweli nilikuwa sijui. Akasema hanipi hata mia, nikalete daftari kwanza. Nilikasirika, ila ule ndio ushauri uliookoa duka langu. Tulifanya hivi:

1. ANDIKA MADENI YOTE. Kausha damu zilibaki 260,000, kikoba 336,000, duka la jumla 180,000. Jumla 776,000. Usiruke hata deni la shemeji.

2. LINGANISHA REJESHO NA FAIDA, SIO MAUZO. Faida yangu ilikuwa kama 18,000 kwa siku. Kausha damu 13,000, kikoba 21,000 kwa wiki, sawa na 3,000 kwa siku. Inabaki 2,000 ya kula, kodi ya fremu na kumlipa wa jumla. Ndio maana rafu zilikuwa zinabaki tupu. Nilikuwa nalipa deni kwa mtaji bila kujijua.

3. NENDA KWA ANAYEKUDAI KABLA HAJAKUFUATA. Usizime simu. Nilienda na daftari, mama akanisindikiza. Mkopeshaji aligoma mara ya kwanza. Tuliporudi akakubali 6,500 kwa siku 40 bila kuongeza riba, tukaandikishana na kusaini. Wa jumla akakubali 10,000 kila wiki, mzigo mpya nachukua kwa keshi. Kikoba sikukigusa. Mzigo wa siku ukashuka hadi kama 11,000. Nikapumua.

4. USIKOPE KULIPA MKOPO mpaka umeona kwa hesabu kwamba mkopo mpya una riba ndogo na rejesho dogo kuliko wa zamani, na wa zamani unaufunga siku hiyohiyo.

5. TAFUTA MTU WA KUKUSHAURI. Anza na kiongozi wa kikoba au SACCOS yako, au afisa maendeleo ya jamii wa kata. Huyo wa kata muulizie pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ila hiyo ni ya kukuza biashara, usiende kuzibia madeni.

6. JIHADHARI. Anayekuambia "nitumie ada kwanza nikufutie madeni" ni tapeli. Usimwachie mtu kadi yako ya benki na namba ya siri. Kabla ya kukopa angalia kama jina la mkopeshaji lipo kwenye orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya Benki Kuu. Mwenye leseni akikufanyia ndivyo sivyo, mlalamikie yeye kwanza kwa maandishi. Asipokusikiliza, peleka Benki Kuu.

Sikumaliza madeni kwa mwezi mmoja. Wa jumla nilimlipa wiki 18, na kuna wiki nilikula ugali na dagaa mfululizo. Lakini duka lipo, na yule wa jumla mpaka leo ananiamini.

Leo usiku ukifunga duka, chukua daftari ujibu swali la mama: jumla unadaiwa shilingi ngapi?

Mtumie na mwenzako ambaye siku hizi hapokei simu. Tukutane somo lijalo.