Kuuza Picha ni Kuuza Nini?

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hata picha ina daftari lake, nami nililijua nikiwa nimechelewa kidogo.

Likizo ya Agosti, mjomba wangu anayepiga picha za harusi hapa Nyeri aliniazima kamera. Tulienda soko la Karatina, nikampiga mama mmoja mzee akipanga viazi, jua la asubuhi likiwa usoni mwake. Mjomba kuiona tu akasema, "Hii ni pesa, bwana!" Basi nikaanza kusoma jinsi picha zinavyouzwa kwenye intaneti.

Kwanza, huuzi picha yenyewe, unauza ruhusa ya kuitumia. Ni kama kukodisha jembe: linabaki lako, na kesho jirani mwingine atalikodi. Biashara hii ilikuwako hata kabla ya intaneti. Mkenya Mohamed Amin, aliyepiga picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alianzisha Camerapix mwaka 1963, na picha zake zikatumiwa na magazeti ya ng'ambo. Alifariki mwaka 1996. Mwaka 2003 huko New York ikaanzishwa Shutterstock, ambayo hupokea picha za mtu yeyote aliyefika miaka 18. Mimi nina 16, kwa hivyo nakusanya tu nikingoja.

Pili, msikimbilie kuagiza pikipiki! Juni 2020 kampuni hiyo ilianza mpango wa kumpa mpiga picha kati ya asilimia 15 na 40 ya malipo, na kwa picha moja anaweza kupata senti 10 tu za Marekani. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kinataka mamia ya picha. Kila picha pia iandikiwe maelezo sahihi, la sivyo mnunuzi hataiona.

Tatu, na hapa ndipo nilipokwama, uso una mwenyewe. Picha ya matangazo inayoonyesha mtu huhitaji kibali chenye sahihi yake. Akiwa mtoto, mzazi ndiye hutia sahihi. Bila kibali, picha inaweza kupokewa kama ya habari tu, isitangaze bidhaa. Si mchezo: Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Nikarudi Karatina na karatasi. Yule mama akaniuliza, "Kijana, uso wangu utaenda wapi?"

"Popote, nyanya. Hata kwenye tangazo la sabuni."

"Na nikiuona mahali nisipopapenda, utanirudishia?"

Nilitaka kudanganya. Nikasema, "Hapana, sitaweza."

"Basi mjukuu wangu, acha."

Niliumia, maana sijapiga picha nzuri kama ile tena. Nilimchapishia nakala moja, akaifunga kwenye leso yake pamoja na pesa za viazi. Siku hizi napiga majani chai, viazi na Mlima Kenya. Hivyo haviulizi vinaenda wapi.

ZOEZI
1. Eleza tofauti ya kuuza picha na kuuza ruhusa ya kuitumia.
2. Je, ungekuwa wewe, ungemjibu nini yule mama?

Mwanachama, Kidato cha Tatu