Jinsi ya Kutuliza Darasa Lenye Ghasia

Mwalimu mgeni afikapo Kangari, katika miteremko ya milima ya Nyandarua, aghalabu hukuta watoto wa wakulima wa chai. Asubuhi za Julai huwa na ukungu na manyunyu, na baadhi yao huingia darasani wamelowa. Mwalimu ageukapo kuandika ubaoni, kelele huzuka nyuma yake. Je, afanye nini?

Kwanza, na afahamu kwamba fimbo si dawa. Mwaka 2001 Serikali ya Kenya ilifuta kanuni zilizoruhusu viboko shuleni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 nayo yakataza kumtesa mwanafunzi kwa mwili au kwa moyo. Avunjaye sheria hiyo aweza kutozwa faini isiyozidi Sh. 100,000, au kufungwa kifungo kisichozidi miezi sita, au yote mawili. Tena, fimbo hunyamazisha kinywa tu. Haimfundishi mtoto kujitawala.

Utulivu huanza kabla ya somo. Mwalimu na awahi darasani kabla ya wanafunzi, na kazi fupi iwe imekwisha andikwa ubaoni, ili kila aingiaye aketi na kuianza mara moja. Mikono isiyo na kazi ndiyo huanza ghasia. Ajifunze majina yao katika juma la kwanza, kwani mtoto aitwaye kwa jina lake hujua ya kuwa anaonekana.

Pili, sheria za darasa ziwe chache, nne au tano, zitungwe pamoja na wanafunzi, na zifuatwe kila siku bila upendeleo. Lililokatazwa Jumatatu lisiruhusiwe Ijumaa.

Tatu, mkosaji asionywe kwa makelele mbele ya wenzake. Msogelee, simama karibu na deski lake, umwambie kwa sauti ya chini. Akiendelea, zungumza naye faraghani baada ya somo, umwulize sababu. Huenda ana njaa, au haoni ubao, au somo limempita naye aona haya kusema. Hapo ndipo mwalimu ajuapo la kutengeneza.

Nne, kiranja asigeuzwe kuwa askari. Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, viranja wanne walichomwa moto usiku na wanafunzi wenzao, wakafa. Msiba ule ungali ukikumbukwa. Kila mwalimu na ajiulize: je, nimemtwika mtoto mzigo wa kuwaadhibu wenzake, kisha nikamwacha aubebe chuki yao peke yake? Kiranja agawe vitabu, apange madawati, aeleze shida za wenzake kwa mwalimu. Kuadhibu ni kazi ya mkubwa, naye aitende kwa haki.

Mwisho, usisahau kusifu. Mkorofi aliyetulia robo saa leo astahili kuambiwa kwamba jambo hilo limeonekana.

Njia hizi hazitafaulu kwa siku moja. Yamkini yatapita majuma kadhaa kabla ya mabadiliko kuonekana, na katika muda huo mwalimu atajaribiwa kuirudia fimbo. Asiirudie. Wahenga walisema, udongo upate ungali maji. Nao ufinyanzi hutaka mkono mtulivu.