TUMBO LINGURUMAPO: VIMENG'ENYA NA UTUMBO SUMBUFU

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Zombe

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hiyo leo sitaficha.

Mwaka uliopita, nikiwa kidato cha pili, tumbo langu lilinisumbua muhula mzima. Asubuhi nilikunywa chai ya maziwa vikombe viwili, nikatembea kuja shule, na kabla kipindi cha pili hakijaisha tumbo lilianza kunguruma. Wenzangu walicheka, ati nimemeza pikipiki! Niliinua mkono kuomba ruhusa, kisha mbio mpaka chooni. Hesabu zilizofundishwa siku hizo zinanisumbua hadi leo.

Nyumbani kila mtu alikuwa daktari. Jirani alisema ni amiba. Mwingine akasema, "Hiyo ni ulsa tu." Nikanunuliwa vidonge dukani bila kupimwa, wala havikunifaa. Mwishowe shangazi akatoa hukumu: maziwa ni sumu kwa ukoo wetu, hata wadogo zangu wawili wasipewe tena. Hapo ndipo nilipoona ni lazima niulize wanaojua. Nilimwendea mwalimu wetu wa Bayolojia, nikaenda zahanati nikapimwa, kisha nikasoma. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kimeng'enya ni nini?

Kimeng'enya ni kitu ambacho mwili hutengeneza ili kukatakata chakula kiwe vipande vidogo viwezavyo kuingia katika damu. Hebu tafuna kipande cha chapati kwa muda mrefu bila kumeza. Utaonja utamu. Huo ni kimeng'enya cha mate kikigeuza wanga kuwa sukari. Kimeng'enya cha kwanza kilitambuliwa na Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, mwaka wa 1833. Walikipata katika kimea cha shayiri.

Kila kimeng'enya kina kazi yake, kama vile kila ufunguo una kufuli yake. Sukari iliyo ndani ya maziwa hukatwa na kimeng'enya kiitwacho laktesi, ambacho hukaa kwenye ngozi ya ndani ya utumbo mwembamba. Laktesi ikiwa kidogo, sukari ya maziwa haikatwi. Hupita nzima mpaka utumbo mpana, na huko bakteria huishangilia! Wakiila hutoa gesi, na sukari yenyewe huvuta maji. Gesi na maji zikikutana, basi ni ngurumo, tumbo kujaa na kuhara.

Ni nani aliye na laktesi?

Karibu watoto wote wachanga huzaliwa nayo, maana maziwa ya mama yana sukari hiyo hiyo. Lakini kwa watu wengi hupungua kadiri wanavyokua. Karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani huwa wamepungukiwa na laktesi. Kwa hivyo huo si ugonjwa wala si laana ya ukoo, ni maumbile.

Wako pia wanaobaki nayo hadi uzee. Mwaka wa 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha uchunguzi wa watu 470 kutoka Kenya, Tanzania na Sudan. Waliwapa gramu 50 za sukari ya maziwa, iliyokorogwa katika maji, wakapima sukari iliyopanda katika damu. Walikuta mabadiliko matatu ya chembe za urithi yanayofanya laktesi isipungue, na hayo ni tofauti na yale ya watu wa Ulaya. Lile lililoenea Kenya na Tanzania walikadiria kuwa lilianza kati ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita, pamoja na ufugaji. Naam, babu zetu wafugaji walituachia zaidi ya ng'ombe!

Utumbo sumbufu

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi huchanganya. Kuna ugonjwa ambao katika makala haya nitauita utumbo sumbufu. Mgonjwa huumwa na tumbo, mara ahare, mara choo kiwe kigumu, lakini akichunguzwa hakuna kidonda wala mdudu. Kwa kanuni za mwaka wa 2016 ambazo madaktari hutumia, maumivu huwa angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, nayo huandamana na mambo kama kwenda choo au choo kubadilika. Dalili ziwe zilianza angalau miezi sita kabla. Basi tumbo la juzi baada ya harusi halihesabiki!

Je, kukosa kimeng'enya ndiko kunakoleta utumbo sumbufu? Si hivyo moja kwa moja. Utafiti mmoja uliofanywa Uchina na kuchapishwa mwaka wa 2013 uliwapa sukari ya maziwa watu wazima wenye afya na wagonjwa wa utumbo sumbufu. Wengi wa pande zote mbili hawakuweza kuikata. Lakini wagonjwa ndio waliosumbuka zaidi, hata kwa kiasi ambacho wenye afya wengi walikivumilia. Maana yake nini? Gesi ni ile ile, ila mishipa ya fahamu ya utumbo wao husikia zaidi. Ni kama redio moja katika nyumba mbili: mmoja analala fofofo, mwingine masikio yanamuuma. Ndiyo sababu hofu nayo, kama ile ya mtihani, huweza kuzidisha maumivu, kwa kuwa utumbo na ubongo huzungumza.

Hata hivyo vimeng'enya vina sehemu yao. Mwaka wa 2018 watafiti walionyesha kwamba kasoro za urithi katika kimeng'enya kinachokata sukari ya kawaida na sehemu ya wanga hupatikana zaidi kwa wagonjwa hawa kuliko kwa wengine.

Jikoni kwetu

Muthokoi wetu je? Mahindi yenyewe hayana neno kubwa, lakini maharagwe, kunde na mbaazi tunazochanganya nayo zina sukari ambazo binadamu yeyote hana kimeng'enya cha kuzikata. Usimcheke mwenzako basi, sote tu mashine moja! Dawa yake ni ya kale: loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha chemsha kwa maji mapya. Sukari hizo hupungua.

Maziwa nayo? Wengi husema ya mbuzi hayana shida. Sivyo, yana sukari hiyo hiyo, karibu sawa na ya ng'ombe. Lakini susu yangu, yaani nyanya, hugandisha maziwa kibuyuni. Bakteria wa maziwa mala hula sehemu ya sukari na kuigeuza asidi, kwa hiyo tumbo hupata nafuu. Tena kiasi ni muhimu. Watu wengi waliopungukiwa na laktesi huweza kunywa kama gramu 12 kwa mara moja, yaani kikombe kimoja, bila taabu kubwa, hasa pamoja na chakula. Ile pakiti ya mililita 200 ya maziwa ya Nyayo, mpango ulioanzishwa na Rais Moi mwaka wa 1979 kwa shule za msingi, ilikuwa na kama gramu 9 tu.

Mimi sasa nakunywa nusu kikombe pamoja na chakula, na mala jioni. Sijakimbia darasani muhula huu. Na wadogo zangu? Wanaendelea kunywa maziwa yao. Hawaumwi na chochote, na katika nchi yetu ya ukame kumnyima mtoto maziwa bila sababu ni kumdhulumu. Shangazi alinuna kidogo, kisha akaelewa.

Onyo

Usijipime mwenyewe kwa kusoma makala haya. Ukiona damu katika choo, homa, kukonda, kuhara kunakokuamsha usiku, au macho kuwa ya njano, nenda hospitali mara moja. Sisi wa Kitui na Makueni hatujasahau mwaka wa 2004, mahindi yenye sumu ya ukungu yalipoua watu 125 nchini Kenya, hasa katika sehemu zetu za Ukambani. Amiba na vidonda vya tumbo vipo pia, lakini vijulikane kwa kupimwa, si kwa kubahatisha dukani.

Zoezi

1. Laktesi hukaa wapi, na kazi yake ni nini?
2. Kwa nini mtu mmoja huumwa na mwingine haumwi, ilhali wote wawili hawawezi kukata sukari ya maziwa?
3. Eleza faida ya kumwaga maji yaliyolowekea maharagwe.
4. Mweleze shangazi yako, kwa heshima, kwa nini mtoto mchanga asinyimwe maziwa ya mama.

Nawatakia matumbo matulivu. Kwaherini!